Jikoni kwa nyumba ya likizo Likoni: kabati za bodi, kaunta ya zege, ama upake rangi tu uachane nayo?

Mlango wa kabati ulinibaki mkononi. Sikuuvuta kwa nguvu wala nini, nilikuwa natafuta sufuria ya chai, nikaona bawaba imekatika kwa kutu na zile skrubu zimetoka na kipande cha bodi kilicholowa kama mkate uliosahauliwa kikombeni. Nikainama kutazama chini ya sinki, ile bodi ya chini imeumuka kama mahamri, ukibonyeza inabonyea, na harufu yake ni ile ya nguo iliyokunjwa mbichi. Kabati hizo hazijamaliza hata miaka minne.

Hii ni nyumba ndogo aliyotuachia marehemu baba, Likoni, Mombasa, upande wa Shelly Beach, vyumba viwili, sebule, jikoni kama mita 3 kwa 2 na nusu, na uwa nyuma. Sisi wenyewe tunakwenda Disemba, Pasaka na ile likizo ya Agosti, wikendi zingine tukipata wageni wa bara tunawapangisha, tusipopata nyumba inafungwa hata wiki sita hakuna anayefungua dirisha. Hapo kwenye kufungwa ndo pana kesi yote, na ndo kitu wauza kabati hawakuulizi. Watakuuliza rangi gani, watakuuliza vishikio vya dhahabu ama vya fedha, hakuna anayekuuliza hii nyumba hulalwa siku ngapi kwa mwaka.

Pesa tulichanga ndugu wanne 20,000 kila mmoja, jumla 80,000, na mmoja wetu alitoa kwa mafungu mpaka nikaona haya kumkumbusha. Kakangu yuko Nairobi akatuma kwenye grupu la familia picha za majiko meupe yanayong'aa kama chumba cha daktari. Dadangu mdogo, ambaye ndo anashughulika na wageni, akasema mgeni anatazama picha ya jikoni na ya choo kabla hajatazama bahari, ikiwa mbaya anapita. Mamangu akasikiliza sauti zote za grupu mpaka mwisho akajibu kwa moja tu, "kwani mnampikia nani humo ndani, si uwani kuna hewa?" Wote wana haki kwa upande wao. Mimi ndo nakaa karibu, nikivuka feri nishafika, kwa hivo kazi ikaniangukia, na hapa nawaandikia nilichokipima mwenye nyumba kama yetu asije akarudia makosa ya zile kabati za kwanza.

Kabati za bodi

Nianze na ile kila mtu anaitaka. Fundi wa kwanza alikuja na tepu, akapima dakika kumi, jioni akatuma bei: 140,000 kabati za chini na za juu, MDF, kaunta haimo. Wa pili akashuka mpaka 95,000 kwa chipbodi yenye ngozi ya melamini. Zote mbili zimepita mfuko wetu hata kabla hatujanunua msumari, lakini tuseme pesa ingekuwepo, bado nisingeiweka bodi pale na ntaeleza kwa nini.

MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa zikashindiliwa na gundi, chipbodi ni vipande vipande vilivyoshindiliwa vile vile. Ikikaa kavu haina neno. Ikinywa maji inafura, na ikishafura hairudi, hata uianike juani mwezi mzima. Watu wanaangalia uso wake mgumu unaoteleza wakadhani maji hayaingii, na kweli usoni hayaingii, yanaingilia ukingoni, pale msumeno ulipopita, kwenye tundu la skrubu, kwenye lile duara walilokata kupitisha bomba la sinki. Na si lazima maji yamwagike. Huku kwetu unyevu wa hewa asubuhi kupita asilimia 80 ni jambo la kawaida, na karibu na bahari hewa yenyewe imebeba chumvi, chumvi nayo inavuta unyevu, kwa hivo bawaba na skrubu za chuma cha bei rahisi zinaanza kutu toka wiki ya kwanza. Kutu ikila skrubu tundu linapanuka, tundu likipanuka unyevu unaingia, mlango unaanza kuinama, wewe unadhani fundi hakufunga vizuri.

Nyumba inayokaliwa ina nafuu yake. Madirisha yako wazi, kuna mtu anapika, anapangusa, na sinki likivuja tone moja utaliona jioni ile ile ukitoa ndoo. Kwetu tone moja moja lilidondoka wiki tano hakuna wa kuliona, tulipofungua mlango Agosti ile bodi ilikuwa ishakunywa ikashiba. Masika yakiingia Aprili mpaka Juni, na upepo wa kusi unapiga ule ukuta wa upande wa bahari, nyumba iliyofungwa inakuwa kama mtungi. Tena mchwa. Mchwa wanapenda kitu kilicholowa na kisichoguswa, na kabati lililosukumwa ukutani kwenye nyumba tupu ni kama umewaandikia barua waje.

Lakini nisiionee bodi. Inafungwa kwa siku mbili, hakuna vumbi la saruji, ina droo, ina milango ya kuficha vyombo, na picha inatoka nzuri, hapo dadangu hakosei. Ukihama unaweza kuing'oa. Kwa mtu mwenye nyumba juu ghorofani Nyali, mbali kidogo na maji, na kuna mtu anafungua kila siku, bodi inaweza kumkalia miaka. Ukishikilia bodi basi kwa uchache fanya hivi: mbavu za chini na kila kinachogusa sinki viwe plaiwudi ya marin, ile inayovumilia maji, na si MDF, kabati zisimame juu ya miguu ya plastiki kama sentimita 10 kutoka sakafuni ili ukipiga deki maji yasiguse, kingo zote zilizokatwa zipakwe kabla ya kufungwa na zisiachwe mbichi nyuma eti hazionekani, na chini ya sinki usiweke bodi ya mgongo kabisa, acha ukuta wazi uone bomba. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ni bei zaidi ya chipbodi, lakini huihitaji jiko zima.

Kaunta ya bloki na zege

Hii ndo tuliyofanya, na nikisema ukweli niliiona ya kishamba mwanzoni. Niliona jikoni la zege ni kama la shule, kubwa, jeusi, na moshi. Alonibadilisha ni mzee mmoja fundi wa uashi ambaye amejenga nusu ya nyumba za mtaa ule. Aliingia, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatazama zile kabati zilizoinama, akaniambia, "Mwanangu, wazee wenu walikuwa na baraza nje, jiwe na plasta, mvua inanyesha juu yake miaka sitini na watu bado wanakaa. Hii kaunta ni baraza tu, umeipandisha ikafika kiunoni."

Nikamwuliza, "Na kabati je, mzee? Vyombo vitakaa wapi?"

"Na zile zidaka za nyumba za kale zilikuwa za nini?"

Basi tukaelewana, maana zidaka ni yale mashimo ya ukutani ya kuwekea vyombo, hayana milango. Kaunta ya umbo la L, upande mmoja mita 2.4 mwingine 1.2, upana sentimita 60, urefu kutoka sakafuni 90. Chini kuta fupi za bloki za inchi 4, tano hivi, zinaacha vyumba vya wazi katikati. Juu slabu ya inchi 3 yenye nondo za milimita 8, mchanganyiko wa moja mbili nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Slabu yenyewe peke yake ina uzito wa karibu kilo 400, kwa hivo kama jikoni lako liko ghorofani usimwage tu kwa sababu umesoma hapa, tafuta mtu anayejua sakafu yako ilijengwaje. Chini kwenye ardhi kama kwetu haina taabu.

Sasa hapa kuna jambo ambalo nataka mlisome mara mbili. Dereva wa pikapu alotuletea kokoto alituona tunahesabu pesa akasema, kwa roho nzuri tu, "Mchanga kwani mnanunua wa nini, si uko hapo chini wa bure, hatua mia." Kweli bahari iko pale. Mzee hakubishana naye. Alituma kijana wake akalete konzi moja ya mchanga wa ufukweni, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole akanisogezea. "Onja." Nikaonja. Chumvi tupu. "Hiyo chumvi itakaa ndani ya zege na nondo yako. Mwaka wa pili nondo inafura kutu, kaunta inapasuka kutoka ndani, utasema mzee hakujua kazi." Tukanunua mchanga wa mto. Na maji vile vile, kisima chetu ni cha chumvi kama visima vingi vya huku karibu na pwani, siku ile mfereji ulikuwa mkavu, tukanunua maji matamu kwa mkokoteni, madumu ya lita 20, kumi na mbili. Nililalamika nikilipa. Sasa silalamiki, nimeona kaunta ya jirani ilopigwa na maji ya kisima, imechanua unga mweupe kila ukipangusa unarudi.

Baada ya kumwaga ukaja ule mtihani wa kumwagilia. Zege halikauki kama udongo, linashika kwa maji, na ukiliacha likauke mbio kwenye joto hili linapasuka nywele nywele. Magunia yaliyoloa juu yake, siku 7, asubuhi na jioni. Mimi navuka feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi namwagilia magunia, narudi kazini, jioni tena. Feri kwa miguu ni bure, hilo ndo lililoniokoa, lakini siku ya tano mlinzi wa jirani aliniuliza kama nimepanda mboga humo ndani. Mbao za chini tulitoa siku ya 10, na mzee akasema tusiponde kitu kizito juu yake mpaka siku 28 zipite, ndo linakuwa limekomaa.

Ilitoka kiasi gani? Bloki, mifuko minne ya saruji, mchanga, kokoto, nondo, mbao za kukodi, mzee siku nne na kijana wake siku nne, na hayo maji: 24,600. Weka pembeni ya ile 95,000 ya chipbodi. Sisemi kwako itakuwa hivyo hivyo maana bei za hadiwea zinabadilika kila ukilala, lakini huo mwanya hauwezi kuzibika kirahisi.

Ubaya wake upo. Ikishamwagwa imemwagwa, ukigundua sinki limekaa upande usiotaka ni nyundo na machozi, kwa hivo chora kwa chaki sakafuni kwanza, simama, jifanye unaosha, jifanye unakaanga, mwite mtu mwingine apite nyuma yako. Sisi tuligundua kwa chaki kwamba mlango wa friji ungegonga kaunta. Vumbi litaingia mpaka ndani ya mito ya sebuleni. Na haina droo, hilo mgeni analitafuta, visu na vijiko sasa vinakaa kwenye vikapu vya ukindu juu ya kaunta.

Juu ya zege kuna nini

Hapa watu wanateleza sana, wanaokoa pesa chini halafu wanazitupa juu.

Graniti ni nzuri, limau haliigusi, moto haiogopi, na kwa joto letu ni baridi mkononi. Lakini kwa bajeti hii mita moja tu ilikuwa inataka kula karibu robo ya tulichonacho, tena kuvusha jiwe refu lile kwenye feri juu ya pikapu ni roho juu juu (lori linaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu siku hizi bila kupanda feri, lakini nani anakodi lori kwa jiwe moja). Mwenye nafasi aweke. Mwenye nafasi nusu, kuna wauzaji wanaokuwa na vipande vilivyobaki kazi za watu, vinatosha pembeni ya jiko pale pa kukatia.

Tailsi ni rahisi, zinang'aa, na kila fundi anajua kuzibandika. Tatizo ni mbili. La kwanza ni zile grauti za katikati ya tailsi, mafuta ya samaki na manjano yanaingia humo na hayatoki, mwaka mmoja kaunta inakuwa kama daftari la hesabu la mistari ya kahawia. La pili ni nazi. Wageni wa bara wakifika pwani wanataka kuvunja nazi wenyewe, wanachukua ile nazi wanaigonga kwenye ukingo wa kaunta, tailsi inaondoka. Kabati la zamani lilikuwa na tailsi juu na nne kati ya zile za ukingoni zilikuwa na ufa. Tailsi ziweke ukutani nyuma ya jiko na sinki, hapo ndo mahali pake, safu tatu zinatosha, zingine rangi.

Niru ndo tuliyochagua. Kwa asiyejua, fundi akimaliza plasta wakati bado mbichi ananyunyiza saruji tupu iliyolainishwa kwa maji halafu anaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka inang'aa kama kioo cheusi. Ukitaka nyekundu unatia oksaidi, kama zile sakafu za zamani tulizokuwa tunasugua kwa kumbi la nazi na nta siku ya Ijumaa. Bei yake ni ndogo mno, ni saruji kidogo na mkono wa mtu. Lakini isikudanganye, ni mkono wa mtu kweli, mkono mbaya utaona mawimbi.

Adui wa niru ni asidi. Limau, ukwaju, siki, vikikaa usiku mmoja vinaacha alama nyeupe ambayo haitoki. Terazo na marumaru ziko hivyo hivyo pia. Tumepaka nta mara mbili na tunarudia kila kabla ya msimu, na nimeweka ubao mkubwa wa kukatia makusudi mgeni asiwe na sababu ya kukata limau juu ya saruji. Bado kuna duara moja la ukwaju karibu na sinki, limekuja wiki ya kwanza, na limetoka kwetu wenyewe si kwa wageni.

Chini badala ya milango

Milango ya mbao ngumu ningeipenda. Mwarobaini hauliwi ovyo na mchwa na huku unapatikana, mvule ni mzuri zaidi na bei yake pia ni zaidi, mwembe usiuguse hata ukipewa bure, dudu linautoboa mpaka unga unamwagika sakafuni. Lakini milango sita ya mbao na bawaba za shaba ingemaliza kila kitu. Tukatundika leso kwenye fimbo. Mamangu ndo alichagua, na akachagua yenye jina la kumpiga kakangu kijembe, sitaliandika hapa.

Leso ina faida ambayo sikuifikiria. Hewa inapita. Hakuna harufu ya kuvunda, mende hawana pembe ya kujificha, na ukifungua nyumba baada ya mwezi unazivua unafua unaanika, jioni jikoni lina harufu ya sabuni. Kasoro yake ni panya, pazia halimzuii panya, kwa hivo vyakula vyote vinakaa ndani ya ndoo za plastiki zenye vifuniko. Tena chini ya jiko la gesi usitundike leso, pale acha wazi kabisa, moto hauna utani. Juu tumeweka rafu mbili za mwarobaini juu ya vyuma vilivyopakwa praima, na mzee alichonga kidaka kimoja ukutani kwa viungo, ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe mnene wa kutosha. Ukuta wa bloki wa inchi 6 usijaribu hivyo.

Sinki na mfereji, hapa usibane

Ukiniuliza pesa iende wapi nasema iende kwenye kinachoguswa na maji. Sinki nyingi za bei ya chini zimeandikwa "stainless" zote, na zinatofautiana kama mchana na usiku. Ile aina ya 304 ina nikeli karibu asilimia 8 na inavumilia, ile ya 430 haina nikeli ya maana na hewa ya bahari inaitoa madoa ya kutu. Chukua sumaku ndogo dukani: ikinasa kwa nguvu, iache. Ila sumaku haikumalizii kazi, kuna aina ya 201 ambayo nayo haivuti sumaku na nikeli yake ni kidogo, inaliwa na kutu huku kwetu, kwa hivo tazama kama imepigwa mhuri wa 304 na uwe tayari kulipa kidogo. Na ukienda na nyumba imefungwa, usiache steelwool ndani ya sinki, alama yake ya kutu haitoki mpaka kiama.

Mfereji, kama unatumia maji ya kisima cha chumvi, ule wa kung'aa wa bei ndogo utaanza kutoa magamba miezi michache. Tulichukua wa shaba nzito. Na tuliongeza koki ya kufunga maji ya jikoni peke yake, iko ukutani kwa nje, sasa kila anayetoka wa mwisho anaifunga. Ndo dawa ya lile tone la wiki tano, na ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa.

Gesi nayo tuliitoa nje. Mtungi uko uwani kwenye kibanda kidogo cha bloki chenye matundu chini, maana gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni inajaa bondeni, na nyumba iliyofungwa haina pa kuitoa. Ikiwa banda lenu la uwani ni la makuti, mtungi na jiko viwe mbali nalo.

Njia mbili zilizobaki

Rangi tu. Kama kabati zako bado nzima, chukua bisibisi uchome ukingo wa chini karibu na sinki. Ikigonga ngumu, piga msasa, praima, rangi ya mafuta mara mbili, badilisha bawaba na vishikio, umemaliza, kaa na pesa zako. Ikizama, usipake, unapaka maiti.

Samani za kuhamishika, yaani meza imara, kabati la kusimama, sinki la kusimama kwa miguu yake. Hii ni ya mtu aliyepanga nyumba ya pwani na si yake, ama urithi haujagawanywa na hamuelewani. Usimwagie zege nyumba ya mtu. Hoteli zikifanya ukarabati mara nyingine huuza meza za jikoni za chuma, ukibahatisha moja iliyo nzima imeshinda kabati yoyote, lakini itikise kwanza na tazama miguu kwa ndani, kutu huanza pale.

Kwa hivo kama nyumba ni yako, iko chini, karibu na maji, na inafungwa zaidi ya inavyokaliwa, mimi nasema zege na niru. Kama inakaliwa kila siku na una angalau mara mbili ya bajeti yetu, plaiwudi ya marin na furahi na droo zako. Ukiwa na wiki mbili tu kabla ya wageni, zege sahau, siku 28 hazibembelezwi, paka rangi usubiri msimu upite. Na fundi mtafute Februari au Septemba, mwezi wa kumi na moja kila mtu ana wageni wa Disemba na fundi anakuambia "nakuja kesho" huku yuko juu ya ngazi ya mtu mwingine Diani.

Yetu yote kwa jumla, pamoja na kubomoa, rangi, tailsi za ukutani, plamba na usafiri, ilikula 73,600. Kwenye grupu nikatuma hesabu na picha, kakangu akajibu na kidole gumba kimoja tu. Zimebaki 6,400 na kizibo cha sinki, maana kile kilichokuja nalo kimepotea siku ya kwanza na kila ninachonunua hakiingii, saa hizi wageni wanaziba na kifuniko cha jagi.